Tumechoka na siasa, au tumechokana?



Kikundi cha WhatsApp cha kwaya moja hapa Musoma kina kanuni tatu. Ya kwanza, ratiba ya mazoezi itumwe kabla ya Jumatano. Ya pili, masuala ya michango ya sare yapelekwe kwa mhazini, yasijadiliwe kikundini. Ya tatu imeandikwa kwa herufi kubwa: SIASA MARUFUKU HUMU. Hiyo ya tatu iliongezwa Novemba 2025, baada ya watu wawili wa sauti ya nne kurushiana maneno usiku kucha juu ya video ambayo hakuna kati yao aliyejua ilipigwa wapi. Asubuhi yake mmoja alijitoa kikundini, na Jumapili iliyofuata besi ilisikika nyembamba kweli kweli.

Ninaielewa kanuni hiyo. Ningekuwa mwenyekiti wa kwaya, huenda ningeiandika mimi mwenyewe. Lakini kanuni ya namna hiyo inatibu kelele tu, na nina shaka kama tumeshajua ugonjwa wenyewe ni upi.

Katika likizo hii nimepita Musoma mjini, Bunda na Butiama, mara nyingine kwa shughuli za kitume, mara nyingine kusalimia ndugu. Karibu kila nilipokaribishwa kiti nimesikia kauli mbili. Moja ni kwamba mambo lazima yabadilike. Nyingine ni kwamba watu wamechoka kusikia habari za siasa. Kinachonishangaza ni kuwa mara nyingi kauli zote mbili hutoka kinywani mwa mtu mmoja, kabla hata chai haijapoa. Frateri mwenzangu anasema huo ni unafiki: watu wanataka mavuno bila kulima. Sikubaliani naye. Nadhani watu hao wanasema kitu cha kweli, ila wanakisema kwa ufupi mno, nasi tunaosoma falsafa tungewasaidia zaidi kama tungekifungua badala ya kuwacheka.

Kwanza tukiri kwamba uchovu huu una sababu. Mwaka 2025 ulikuwa mzito. Mwezi Aprili Tundu Lissu, mwenyekiti wa chama kikuu cha upinzani, alifunguliwa kesi ya uhaini, na chama chake cha CHADEMA kikaondolewa kwenye uchaguzi kwa kutosaini kanuni za maadili. Usiku wa Aprili 30 Padre Charles Kitima, Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, alishambuliwa na kujeruhiwa Kurasini, Dar es Salaam. Oktoba 29, siku ya kupiga kura, yakazuka maandamano na vurugu katika miji kadhaa, watu wakapoteza maisha, na intaneti ikazimwa nchini kwa siku kadhaa. Novemba 1 Rais Samia Suluhu Hassan akatangazwa mshindi kwa karibu asilimia 98 ya kura. Kesho yake ilikuwa Jumapili, tena siku ya kuwakumbuka Marehemu Wote, na Baba Mtakatifu Leo XIV akaiombea Tanzania mbele ya mahujaji kule Roma. Sisi tuliokuwa tunaombewa, wengi wetu tulikuja kulisikia hilo baadaye, mtandao uliporudi. Kisha ikaundwa tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, na Desemba 9, sikukuu ya Uhuru, ikapita bila sherehe.

Mtu aliyeyapokea hayo yote kwa simu ya mkononi, saa sita za usiku, huku akisubiri kusikia kama ndugu yake yuko salama, ana haki ya kuchoka. Tusimwite mvivu.

Katika jumuiya ndogondogo moja ya Bunda yuko mama ambaye kijana wake anaendesha bodaboda Mwanza. Siku zile simu ya kijana haikupatikana kwa siku nne. Siku ya tano alipiga kwa namba ya mtu mwingine. Alikuwa mzima, simu yake ilipotea kwenye purukushani. Tangu hapo mama huyo huzima redio mara tu anaposikia mlio wa taarifa ya habari. Wapo waliosema katika jumuiya hiyohiyo kwamba hajali mambo ya nchi. Nilipomsikiliza niliona kwamba anajali kuliko wengi wetu, ila habari za nchi zilimwingia mpaka mahali ambapo redio haipaswi kufika. Anasali Rozari kila jioni kwa ajili ya vijana wote wa Mwanza, siyo wa kwake tu. Huo si uchovu wa mtu aliyeikimbia nchi yake.

Uko uchovu mwingine, nao ndio unaonipa wasiwasi. Ni wa kijana mwenye kifurushi cha mwezi, anayejua nani amegombana na nani, nani ametumbuliwa, nani amehama chama na kwa bei gani, ambaye kila baada ya nusu saa anasema amechoka na siasa, kisha anavuta skrini tena. Ukimuuliza diwani wake ni nani, anafikiri kidogo.

Walimu wa maisha ya kiroho walimjua kijana huyu kabla simu hazijakuwepo. Evagrio wa Ponto, mmonaki aliyeishi jangwani Misri katika karne ya 4, anamweleza mmonaki ambaye adhuhuri inamlemea. Jua linaonekana halisogei. Anatazama dirishani mara kwa mara kuona kama kuna ndugu anakuja kumtembelea, anatoka nje kupima ni muda gani umebaki kabla ya chakula, anaanza kuchukia chumba chake, kazi yake na hata wenzake. Mababa waliliita jaribu hilo akedia, na sisi huku tumezoea kulitafsiri kama uvivu wa kiroho. Tafsiri hiyo inapunguza uzito wake, maana mmonaki huyo hajalala, anahangaika mno. Kinachomshinda ni kukaa na kazi moja iliyo mbele yake. Dirisha lake sisi tunalibeba mfukoni.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliendeleza hoja hiyo. Kwake akedia ni huzuni juu ya jambo jema lenyewe, kwa sababu jambo hilo linadai kazi kwetu. Mahali pengine katika Summa yake anazungumzia kilema kingine, cha udadisi usio na mpangilio: kuacha jambo unalopaswa kulijua kwa ajili ya kazi yako, na kukimbilia lisilokuhusu au linalokusaidia tu kumsema jirani. Yeye alivitenga vilema hivi viwili. Nikiangalia maisha yetu ya sasa, naona vinazaana. Jambo jema linanilemea, basi natafuta la kunisisimua. La kunisisimua likinichosha, nahitimisha kwamba siasa yote ni uchafu, na lile jambo jema linabaki palepale bila mtu wa kulifanya.

Hapo naweza kurudi kwenye neno mabadiliko.

Kwa mtu wa umri wangu ni neno safi. Nilizaliwa mwaka 2000. Mwalimu Nyerere alikuwa amefariki Oktoba 14 ya mwaka uliotangulia, na mfumo wa vyama vingi niliukuta umeshaota meno. Vijana wa VIWAWA nikiwaambia mabadiliko, wanaona mbele. Lakini mkalishe mzee wa Musoma ambaye miaka ya 1990 alikuwa na kazi kiwandani. Vyama vingi vilirudi kisheria mwaka 1992. Muongo huohuo ukaja ubinafsishaji, viwanda vya umma vikauzwa au vikasimama, na kiwanda cha nguo cha Mutex, kilichokuwa fahari ya Musoma, nacho kikanyamaza. Wachumi watatueleza kwamba mambo hayo mawili yalikuwa na sababu tofauti, nao watakuwa sahihi. Ila mzee hakuyapokea kwa mafungu mawili. Aliyapokea pamoja, kwa jina moja la mageuzi: akapewa vyama vya kuchagua, akanyang'anywa mshahara. Anapokuambia zimwi likujualo halikuli likakwisha, usimjibu kwa haraka kwamba ni mwoga. Anakumbuka. (Ingawa mimi humwambia kwa heshima kwamba hata methali yenyewe inakiri kuwa zimwi linakula. Hucheka, lakini habadilishi msimamo.)

Mara ina kumbukumbu nyingi za namna hiyo. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliharakisha elimu ya msingi kwa wote. Watoto wakajaa madarasani kuliko walimu waliokuwepo, na vijana waliomaliza darasa la saba wakapewa mafunzo ya haraka wakaingia kufundisha. Bibi zetu waliojua kusoma kwa sababu ya azimio hilo wanalishukuru, na walimu wa zamani wanaokumbuka mikondo iliyofurika wanatikisa kichwa. Wote wanasema kweli.

Tomaso anauliza swali hilihili anapojadili sheria za wanadamu, katika swali la 97 la sehemu ya pili ya Summa. Je, sheria ibadilishwe kila linapopatikana jambo bora zaidi? Anajibu kwamba sheria inaweza kubadilishwa kwa haki, maana akili ya watu hukua na hali zao hubadilika. Lakini kila badiliko lina gharama, kwa sababu mazoea ndiyo yanayowasaidia watu kutii sheria, na ukiyavunja umepunguza nguvu ya sheria yenyewe. Hivyo faida ya badiliko iwe kubwa kiasi cha kufidia hasara hiyo. Nimesoma hapo mara kadhaa na kila mara naona uso wa yule mzee wa Mutex. Moyo wake ulio nusu kwa nusu siyo ujinga wa siasa. Anapiga hesabu ambayo daktari wa Kanisa aliipiga karne ya 13, isipokuwa yeye aliilipa kwa mfuko wake.

Sasa tuangalie jinsi taifa lilivyofanya hesabu hiyo mwaka 1991. Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kukusanya maoni kama tubaki na chama kimoja au turudi kwenye vyama vingi. Karibu asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, na takribani asilimia 20 walitaka vyama vingi. Kwa hesabu ya kawaida jambo lilikuwa limekwisha. Lakini wengi kati ya hao waliotaka chama kimoja walitaka pia kirekebishwe. Tume ikapendekeza vyama vingi, na mwaka uliofuata sheria ikabadilishwa.

Mwalimu Nyerere aliliunga mkono badiliko hilo. Hapa Mara tunapenda kumkumbuka kama mwamba usiotikisika, Mtumishi wa Mungu aliyebatizwa Nyegina mwaka 1943, ambaye Jimbo letu la Musoma lilianzisha mchakato wa kumtangaza mtakatifu mwaka 2005. Wanaokwenda kusali kwenye kaburi lake Butiama kila Oktoba 14 huzungumzia uadilifu wake, na ni sawa. Mimi kinachonigusa ni kwamba mtu huyohuyo aliyejenga hoja za chama kimoja, na chini yake chama kimoja kikawa sheria mwaka 1965, ndiye aliyetoka hadharani kuanzia mwaka 1990 kusema kwamba jambo hilo lijadiliwe. Alikuwa ameona yaliyotokea Ulaya Mashariki, na alikuwa ameona chama chake mwenyewe kikilegea kwa kukosa wa kukiuliza. Hakukana maisha yake ya nyuma yote. Wala hakujifanya kwamba vyama vingi ni mbingu. Miaka iliyofuata aliwakemea wanasiasa wa ukabila, udini na rushwa kwa ukali uleule. Alikuwa na moyo wenye pande mbili juu ya mabadiliko, na bado alichukua msimamo. Sioni kwa nini yule mama wa Bunda au yule mzee wa Musoma wahukumiwe kwa kuwa na moyo kama wa Mwalimu.

Mtu asiseme pia kwamba watu wa huku wanaogopa kubadilisha. Bunda mwaka 1995, katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, Stephen Wasira aligombea kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi akamshinda Jaji Joseph Warioba, aliyekuwa amewahi kuwa Waziri Mkuu. Matokeo hayo baadaye yalitenguliwa mahakamani. Miaka 20 baadaye, mwaka 2015, Wasira akiwa amerudi CCM, alishindwa Bunda Mjini na Ester Bulaya wa CHADEMA, naye Bulaya alikuwa ametoka CCM mwaka huohuo. Musoma Mjini walimchagua Vincent Nyerere wa CHADEMA mwaka 2010, kisha mwaka 2015 wakamrudisha Vedastus Mathayo wa CCM. Mpiga kura wa Mara amewahi kutoa na kurudisha, amewahi kujaribu na kughairi.

Ukiangalia orodha hiyo utaona pia kwa nini watu wanachoka. Kila mmoja katika majina ya Bunda amebadilisha sare au amekutana na mwenzake aliyebadilisha, na habari zilitufuatisha sare hizo kama mechi ya watani wa jadi. Jaji Warioba mwenyewe alipewa kazi ya kuongoza Tume ya Mabadiliko ya Katiba kuanzia mwaka 2012. Wananchi walijitokeza wakasema. Rasimu zikatoka mwaka 2013. Bunge Maalum likakaa mwaka 2014, wengine wakasusa na kutoka. Katiba Inayopendekezwa ikapitishwa. Kura ya maoni iliyopangwa Aprili 30, 2015 ikaahirishwa. Kuna watu katika parokia zetu waliosimama mbele ya wajumbe wa tume ile wakatoa maoni yao kwa sauti yao wenyewe. Hawakupata jibu mpaka leo. Nadhani sehemu kubwa ya uchovu wetu iko hapo: mtu aliyeulizwa, akajibu, kisha akasahaulika, hachoki kwa sababu hapendi nchi. Anachoka kama anavyochoka mtu anayebisha hodi.

Na vyombo vya habari? Nisiwabebeshe waandishi kila mzigo. Wanafanya kazi katika mazingira magumu, na mwaka 2016, matangazo ya moja kwa moja ya vikao vya Bunge yalipositishwa, tulilalamika kwamba tunanyimwa habari. Hatuwezi leo kusema tu kwamba zimezidi. Tatizo ninaloliona ni kile kinachohesabiwa kuwa siasa. Chukua Kata ya Nyatwali, Bunda, kando ya Ghuba ya Speke. Serikali iliamua wananchi wa kata hiyo wahame ili wanyama wa Serengeti wapate njia ya kufika ziwani. Ni watu wenye mashamba, mifugo, mitumbwi na makaburi ya wazazi wao. Tembo walikuwa wakiwaharibia mazao, kwa hiyo wako walioona afadhali waondoke. Wako waliolalamikia fidia. Na nina hakika wako waliokuwa na maoni yote mawili kwa siku moja. Hayo ndiyo mabadiliko, yenye jembe na ng'ombe ndani yake. Yaliripotiwa, ndiyo, redio za huku ziliyasema. Lakini linganisha muda tulioutumia kuyajadili na muda tulioutumia kubashiri nani atapitishwa kugombea ubunge wapi. Kama mtu amechoka na huko kubashiri, amechoka na kitu kinachostahili kuchokwa.

Sasa niwageukie mafrateri wenzangu, maana makala hii wataisoma wao kabla ya wengine.

Seminarini tumegawanyika. Kundi moja linasema padre ahubiri Sakramenti na awaache wanasiasa na yao. Kundi jingine linasema baada ya Oktoba 29 padre anayenyamaza ameshachagua upande. Mabishano yetu baada ya chakula cha jioni ni makali, na nakiri kuwa mengine yanafanana sana na yale ya sauti ya nne. Kanuni ya 287 ya Sheria za Kanisa ina sehemu mbili, na kila kundi linanukuu moja. Sehemu ya pili inawakataza makleri kushika nafasi hai katika vyama vya siasa, isipokuwa kwa uamuzi wa mamlaka ya Kanisa panapokuwa na sababu kubwa. Sehemu ya kwanza, ambayo inatangulia, inawataka wakati wote wakuze amani na maelewano yaliyojengwa juu ya haki. Sisi bado si makleri, lakini ndiko tunakokwenda. Mimi nasimama na wale wanaosoma sehemu zote mbili kwa mpangilio wake. Maaskofu wetu walipotoa tamko mwezi Novemba kulaani mauaji, hawakuingia chama chochote. Walitaja wafu. Hilo ni jambo ambalo Kanisa linalifanya kila Misa.

Kundi la kwanza lina hoja moja ambayo siwezi kuipuuza. Wanasema waamini wanakuja kanisani wakiwa wamelemewa, wanataka saa moja na nusu ambayo hawatasikia jina la mwanasiasa. Mama wa Bunda ni mmoja wao. Nami nadhani ana haki ya saa hiyo. Homilia inayorudia taarifa ya habari ya saa mbili usiku inamnyang'anya mtu Injili na haimpi hata habari mpya. Ila kuna tofauti kati ya kumpumzisha mtu na kelele na kumficha jirani yake. Kama kwenye jumuiya hiyohiyo yuko familia inayoomboleza, au yuko kijana aliyekamatwa, au wako waliohamishwa na wanasubiri fidia, ukimya wetu juu yao hautampumzisha mtu. Utawafanya wale wanaolia waone kwamba msiba wao ni siasa, na siasa ni marufuku humu. Hapo ndipo nilipopata kichwa cha makala hii. Watu wanaosema wamechoka na siasa wanaweza, bila kutambua, kuwa wamechokana: mmoja amechoka kusikia kilio cha mwenzake, kwa sababu kilio hicho kinadai kitu kwake. Ndiyo akedia ya Tomaso hiyo, kwa nguo za kila siku.

Kwa upande wangu nimejiwekea utaratibu mdogo. Habari nasoma mara moja kwa siku, mchana, siyo usiku na siyo kitandani. Wazee walisubiri gazeti lililofika Musoma likiwa limeshakaa njiani, na hawakuwa wajinga kuliko sisi. Pia nimewapendekezea viongozi wa jumuiya kadhaa jambo kuhusu maombi ya waamini. Tumezoea kuomba kwa ajili ya viongozi wetu wa serikali ili watawale kwa hekima. Ni ombi zuri, lakini linaweza kusomwa mwaka wowote na nchi yoyote. Tuongeze la pili, lenye jina la mtu wa hapo: mgonjwa wa jumuiya, familia iliyofiwa, kijana aliye mahabusu, bila kusema nani ana kosa. Mzee mmoja wa UWAKA aliniuliza, Frateri, hiyo si itatuletea maneno? Inawezekana. Nimemwambia tujaribu kwa mwezi mmoja kisha tukae tutathmini.

Jambo la mwisho ni dogo, na halina kamera. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji uitishwe angalau kila baada ya miezi mitatu, na hapo wananchi wasomewe mapato na matumizi. Katika kijiji kimoja wilayani Butiama mkutano wa Novemba uliahirishwa kwa kuwa akidi haikutimia. Ilikuwa wiki ileile Rais alipotangaza Baraza la Mawaziri, na kwenye kijiwe kilicho hatua chache kutoka ofisi ya kijiji walikuwepo watu zaidi ya 30 wakijadili nani amepata wizara gani. Baadhi yao, nilivyosikia, walikuwa wakilalamika kwamba siasa imewachosha. Mkutano umepangwa upya. Ajenda ni pampu ya kisima iliyokufa tangu Agosti, fedha za darasa lililoishia kwenye lenta, na taarifa ya mapato na matumizi. Katekista wa kigango ameomba tangazo lake lisomwe Jumapili baada ya Komunyo, pamoja na matangazo ya ndoa, na jumuiya mbili zimekubali kusogeza sala yao ya Jumamosi ianze saa kumi na mbili asubuhi ili watu wawahi.